Jina Jipya la Mama

Watu wanaofanya kazi kwenye ofisi za serikali kule Mtumba, Dodoma, huondoka Nzuguni asubuhi mapema, na wengi wao huondoka na njaa. Mama yake Gladness aliligundua jambo hilo zamani. Aliweka meza kando ya barabara, akaweka jiko la mkaa, sufuria ya maharage na birika kubwa la chai ya tangawizi, na haukupita muda makarani, walinzi na mafundi ujenzi wakawa wanapanga foleni kwake kila siku ya kazi. Chapati zake zilikuwa laini, na mdomo wake haukuwa na likizo. Mteja akichelewa, alimwambia kwamba chapati yake imemsubiri mpaka imechoka, ikaondoka na mwenzake.

Kila alfajiri Gladness aliamka pamoja naye. Alimwaga majivu ya jana, akawasha mkaa, akabeba maji mpaka mezani, kisha akaoga na kuvaa sare ya shule. Alikuwa kidato cha kwanza. Mdogo wake, Noeli, alikuwa na kazi moja tu, kupanga vikombe, na hata hiyo aliifanya huku akitafuna. Juu ya meza ulining'inia ubao ulioandikwa kwa rangi ya bluu: KWA MAMA NOELI.

Jina la mama la ubatizo lilikuwa Raheli, lakini mtaani ni nani atakayemwita mwanamke mzima kwa jina lake, kana kwamba hana mtoto? Kwa desturi angeitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, naye Gladness ndiye aliyekuwa wa kwanza. Ila wazazi walipohamia Nzuguni kutoka Kongwa, Gladness alibaki kijijini kwa bibi yake mpaka alipomaliza darasa la pili. Mtaa ulimpokea mama akiwa na mimba, ukamwona akijifungua siku ya Krismasi, ukamwita Mama Noeli. Baba naye akawa Baba Noeli. Gladness alipokuja mjini alikuta majina yameshagawiwa. Hakulalamika, lakini tusidanganyane, lilimchoma kidogo, hasa watu walipomwita "dada yake Noeli" kana kwamba yeye hakubatizwa.

Hata hivyo alimpenda mdogo wake. Ungempendaje mtoto yule kidogo? Alikuwa mcheshi, mlafi, na mwizi wa chapati asiyejua kufuta mafuta mdomoni.

Mwezi wa Februari, mvua zikiwa zimekolea, Noeli alishikwa na homa jioni. Mama alimpa dawa ya kutuliza homa, akasema watampeleka kituo cha afya kukikucha. Kulipokucha mtoto alikuwa amezidiwa, hata haitiki akiitwa. Malaria ilikuwa imempanda kichwani. Alifariki hospitalini siku iliyofuata, akiwa darasa la kwanza, na daftari lake la hesabu likiwa bado jipya.

Walimzika Kongwa. Matanga yalipokwisha ndugu walirudi makwao, na baba, Yotham, ambaye alikuwa dereva wa malori yanayopeleka mizigo Rwanda, alikaa nyumbani wiki chache kisha akaitwa kazini. Alisitasita kuondoka. Mama alimwambia aende tu, wao wataendelea vizuri.

Hawakuendelea vizuri. Mama alirudi mezani, lakini alikaanga chapati kama mtu aliyepewa adhabu. Hakumtania mtu. Akirudi ndani alikaa kitandani na nguo zake za kazi, akitazama mlango. Gladness akimpelekea chakula, alisema hana njaa. Akimwonyesha mtihani aliofaulu, aliishika karatasi ikiwa juu chini, akasema vizuri. Siku nyingine alimfokea kwa sababu ya kijiko kilichoachwa chini, halafu asiseme neno lingine mpaka kesho yake. Gladness alianza kutembea ndani ya nyumba yao kwa kunyata, kama mgeni. Aliogopa. Alikuwa amempoteza mdogo wake, na sasa aliona anampoteza mama huku mama mwenyewe yupo palepale chumbani.

Asubuhi moja mteja mmoja, karani mzuri tu asiye na ubaya wowote, alinyoosha kikombe akasema, "Mama Noeli, niongezee chai." Mama alimimina. Kikombe kikajaa, yeye akaendelea kumimina, chai ikatiririka mezani mpaka kwenye suruali ya karani. Mama aliweka birika chini, akaingia ndani bila kuomba radhi. Gladness alifuta meza, akahudumia waliobaki, akafika shuleni amechelewa na harufu ya tangawizi kwenye mikono.

Siku nzima alifikiria jambo lile. Akapata jibu, na alipolipata alishangaa kwamba watu wazima hawakuliona. Kilichokuwa kinamwumiza mama ni lile jina. Kila asubuhi, kila mteja, kila jirani alimkumbusha mtoto aliyekufa. Mtu atapona vipi ikiwa kidonda chake kinaguswa kuanzia alfajiri mpaka jioni?

Jumamosi alipita mtaani. Alianzia dukani kwa Hasani, akaenda kijiwe cha bodaboda alikokuwa anakaa kaka Mazengo na wenzake, akaenda kwa wanakwaya wa kanisa lao. Kote alisema maneno yaleyale kwa adabu: kwamba anaomba wasimwite tena mama yake Mama Noeli, wamwite Mama Gladness, ili asiumie. Watu walimsifu. Walisema mtoto huyu ana akili ya mtu mzima, na wakaona aibu kwamba hawakuwaza hivyo wao wenyewe.

Ni Mama Ludovick peke yake, jirani yao aliyekuwa fundi wa cherehani, aliyeacha kushona na kumtazama juu ya miwani yake.

"Mwenyewe umemuuliza?" alisema.

Gladness hakuwa amemuuliza. "Ndiyo, mama," alijibu. Mama Ludovick akasema basi sawa, akaendelea kukanyaga cherehani.

Kesho yake mchana, mama akiwa amelala, Gladness alichukua kopo la rangi ya kijani iliyobaki walipopaka geti. Alifuta jina la zamani, akasubiri ubao ukauke, akaandika KWA MAMA GLADNESS, kwa herufi kubwa kuliko zile za kwanza. Alipomaliza alirudi nyuma kidogo kuutazama ubao, na moyo wake ukafurahi. Alijiambia kwamba anafurahi kwa ajili ya mama. Nusu ilikuwa kweli.

Jumatatu mama alitoka na beseni la unga, akauona ubao. Alisimama. Kabla hajasema kitu, Mazengo alipita na pikipiki yake akamsalimu, "Mama Gladness, habari za asubuhi?" Kisha Hasani, akifungua duka, naye akasema Mama Gladness. Wateja wakaja, mmoja baada ya mwingine, na wote walisema Mama Gladness, huku wakiinamisha macho kama watu waliopeana siri. Siku ile mtaa mzima ulikuwa na adabu ya ajabu. Hakuna hata mmoja aliyelitaja jina la Noeli.

"Nani amepaka ubao huu?" mama alimuuliza Gladness.

Gladness aliutazama uso wa mama, akaona hakuna hata chembe ya furaha aliyoitegemea. Uso ulikuwa umeingia ndani. Ukweli ukamshinda. "Sijui, Mama. Labda vijana wa mtaani."

Mama aliangalia kucha za Gladness, palipokuwa na doa la kijani. Alifunika unga, akazima jiko lililokuwa limeshawaka vizuri, akaingia ndani. Kwa miezi mingi meza haikufunguliwa tena.

Siku zilizofuata mama hakutoka chumbani isipokuwa kwa haja. Hakuoga. Uji aliopelekewa ulipoa ukashika utando. Gladness alipika, akafua, akaenda shule, akarudi mbio, na kila alipokaribia geti alipunguza mwendo, akiogopa atakachokikuta.

Majirani walikuja kuuliza. Gladness angeweza kuwaambia ukweli, lakini aliogopa kitu kingine. Kila mtoto wa Dodoma anaijua hospitali ya Mirembe, inayotibu magonjwa ya akili, na watoto wasio na adabu hulitumia jina lake kutukana. Mtu akiongea peke yake barabarani, utasikia, "Huyo wa Mirembe." Gladness mwenyewe aliwahi kucheka utani huo pamoja na wenzake shuleni. Sasa alijiona akipita mtaani na vidole vikimfuata. Basi aliwaambia majirani kwamba mama amesafiri, amekwenda Kongwa kupumzika. Baba alipopiga simu kutoka safarini, alimwambia mama ni mzima, yuko sokoni. Uongo ni kama mbuzi, ukifuga mmoja hukosi kufuga wa pili kumliwaza wa kwanza.

Majirani waliamini, wakaacha kuja. Nyumba ikawa kimya kabisa.

Alasiri moja Mama Ludovick alisimama getini na kikapu cha mboga ya mlenda mkavu. Alisema huo ni wa Mama Gladness, autumie atakaporudi, na akauliza kama wamepata habari zake huko Kongwa. Gladness akajibu bila kukwama kwamba mama anaendelea vizuri, anawasalimu, atarudi mwezi ujao. Alipogeuka na kikapu mkononi, alimkuta mama amesimama kwenye mlango wa chumba, ameshika ukuta. Alikuwa amekonda mpaka shuka alilojifunga lilimzunguka mara mbili.

"Kwa hiyo nimesafiri," mama alisema.

Gladness alikikumbatia kikapu kifuani.

"Nililala pale nikijiuliza mbona watu hawaji. Nikasema wamenichoka. Kumbe nimesafiri." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kwanza ulimfuta Noeli. Sasa umenifuta na mimi."

"Sikumfuta, Mama. Nilitaka usiumie."

"Ulitaka jina."

Neno hilo lilimpata Gladness mahali penyewe, kwa sababu lilikuwa na ukweli ndani yake, na mtu akiguswa hapo husema hata asiyokusudia. Alitupa kikapu chini. "Na kama nilitaka?" alisema, akilia. "Mimi si mtoto wako? Noeli amekufa, Mama, lakini mimi nipo. Kila siku nipo hapa na hunioni. Unafikiri mimi sikumpenda? Nani amewahi kuniuliza mimi ninavyolala?"

Mama aliuachia ukuta. Alijikalisha chini taratibu, palepale mlangoni, akaegemeza kichwa ukutani. "Sina nguvu, Gladness," alisema. "Si kwamba sikuoni. Nakuona, halafu nakosa nguvu hata ya kunyanyua mkono. Naona heri ningelala nisiamke."

Hapo Gladness alisahau hasira yote. Alisahau majirani, alisahau vidole vya watu. Alimshika mama bega, akamwambia amsubiri, kisha akatoka mbio bila viatu mpaka kwa Mama Ludovick, akamkuta hata hajafika kwenye kiti chake.

"Nimekudanganya, mama," alisema. Akaeleza yote, bila kujipendelea: kwamba hakumuuliza mama yake kuhusu jina, kwamba ubao aliupaka yeye, kwamba hakuna safari ya Kongwa, kwamba mama yupo ndani na amesema heri asiamke.

Mama Ludovick hakumgombeza. Alivua miwani, akaiweka juu ya kitambaa alichokuwa anashona. "Twende," alisema. "Maneno mengine tutayasema baadaye."

Kule nyumbani hakuleta hotuba. Alisalimu kwa Kigogo, lugha ya kwao, "Mbukwenyi," kama afanyavyo kila siku, akakaa sakafuni karibu na mama. Alimshika mkono kwa muda mrefu. Baadaye alikoroga uji, akamnywesha nusu kikombe. Alimpigia baba simu, akamweleza hali kama ilivyo, na baba akasema anaomba ruhusa kwa tajiri wake ageuze lori, arudi. Mama Ludovick akatandika mkeka chumbani kwa mama, akasema kwamba cherehani yake haitamlilia akikosekana siku moja.

Asubuhi walikwenda zahanati wote watatu. Nesi aliyewapokea, Sista Marselina, alikuwa mama mnene mwenye sauti ya polepole. Hakukimbilia sindano. Alimuuliza mama analalaje, anakulaje, anafikiria nini anapokuwa peke yake, na kila jibu alilisikiliza mpaka mwisho. Mama alianza kwa kunong'ona. Kisha likatoka lile lililomkaa kifuani tangu Februari.

"Homa ilimpata jioni," alisema. "Mimi nikasema tusubiri kukuche. Mimi ndiye niliyemuua mwanangu."

Gladness hakuwahi kulisikia jambo hilo. Miezi yote alidhani mama amemkasirikia yeye.

Sista Marselina alisogeza kiti. Alisema ni kweli mtoto mwenye homa awahishwe kituoni mara moja, hata kama ni usiku, na kwamba yeye hulisema hilo kila siku kwa kila mzazi ili mwingine asipitie haya. "Lakini hukumuua," alisema. "Ulimpa dawa uliyokuwa nayo, ukakesha naye. Mtu aliyeua hakeshi. Hilo kosa ulilojibebesha ni zito kuliko haki yake, na limekuangusha."

Akawaeleza kwamba huzuni ya msiba ni ya kawaida, ila ikikaa muda mrefu, ikamnyima mtu usingizi, chakula na hamu ya kuishi, huwa imegeuka ugonjwa unaoitwa sonona. Ugonjwa huo si uvivu wala kurogwa wala upungufu wa imani, na una matibabu. Atamwandikia rufaa aende kwenye kliniki ya Mirembe, akaonane na wataalamu.

Gladness alishtuka, na Sista aliona. "Unaogopa jina hilo?" alimuuliza. "Jino likikuuma utakwenda kwa daktari wa meno, na hakuna atakayekucheka. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ninyi mmeyaficha vya kutosha."

Baba alifika siku ileile ya kliniki, na vumbi la safari likiwa bado kwenye nyusi zake. Alimkumbatia mama, kisha akamkumbatia Gladness, akamwomba radhi kwa kumwachia mzigo wa mtu mzima. Huko Mirembe Gladness aliona bustani, mabenchi, na watu wa kawaida waliokuwa wanasubiri zamu yao, mmoja wao akiwa mwalimu anayefundisha shule ya jirani. Mama alipewa dawa, akapangiwa siku za kuja kuzungumza na mnasihi. Waliambiwa dawa hazifanyi kazi kwa siku moja, wawe na subira.

Ilihitajika subira kweli. Wiki za mwanzo Gladness hakuona tofauti. Kisha siku moja aliporudi shuleni alimkuta mama amekaa nje juani, amechana nywele. Siku nyingine alimkuta anachambua maharage. Furaha aliyoipata kwa maharage yale hakuwahi kuipata kwa zawadi yoyote.

Ndipo alipomfuata mama, akapiga magoti mbele yake. Alisema alidanganya kuhusu ubao, na kwamba alipoandika jina lake alifurahi, jambo lililokuwa linamtia aibu mpaka leo. Akauliza mama anataka watu wamwiteje. Mama alifikiri kidogo.

"Asubuhi ile kila mtu alipolikwepa jina lake," alisema, "niliona mtaa mzima umekubaliana kwamba Noeli hakuwahi kuzaliwa. Lile jina lilikuwa linaniuma, ndiyo. Lakini ndicho kitu pekee cha kwake kilichokuwa bado kinaniita."

Gladness aliukwangua ubao, akaandika jina la zamani kwa rangi ya bluu. Halafu akalazimika kupita tena mtaani, nyumba kwa nyumba, kueleza kwamba alisema uongo. Safari hii haikuwa na sifa. Hasani alitikisa kichwa. Mazengo alicheka mpaka akashikilia usukani wa pikipiki.

"Sasa wewe dada, mmetuchanganya," alisema. "Leo hivi, kesho vile. Kwa hiyo tunaruhusiwa kumtaja Noeli?"

"Mtajeni," alisema Gladness. "Mama anataka mumtaje."

Walikuja Jumamosi alasiri, bila kualikwa rasmi, kama watu wa Nzuguni wanavyojua kuja: wanakwaya, Mama Ludovick, Hasani na mfuko wa sukari. Mwanzoni kila mtu aliogopa kuanza. Mama Ludovick akakohoa, akasema siku moja Noeli alitumwa kumletea chapati, akaileta imekunjwa vizuri mara nne. Alipoikunjua akakuta katikati hakuna kitu, imeliwa, imebaki pete. Alipomuuliza, mtoto alimwambia, "Bibi, hiyo ni ya kuvaa mkononi."

Mama akacheka. Kicheko chake kilitoka kikavu, kama mlango uliokaa muda bila kufunguliwa, kisha kikaja chenyewe. Baada ya hapo kila mtu alikuwa na lake la kusimulia, na jua lilizama wakiwa bado wanaongea. Mama alilia pia, lakini safari hii alilia akiwa ameshikwa pande zote mbili.

Meza ilifunguliwa tena mvua za mwaka zilipokaribia. Chapati zilikuwa ngumu siku mbili tatu, kisha zikakumbuka ulaini wake. Wateja walirudi, na karani yule wa suruali alikuwa wa kwanza, ingawa alisimama mbali kidogo na birika.

Lakini kupona si ngazi ya kupanda tu. Asubuhi moja ya Ijumaa mama alisimama mbele ya jiko, mwiko mkononi, asigeuze chapati. Ikaanza kuungua.

"Leo nimeamka vibaya," alisema.

Zamani Gladness angetafuta kitu cha kupaka rangi. Aliepua chapati, akauliza, "Nikusaidie nini, Mama?"

Mama aliweka mwiko chini. "Niambie kitu cha Noeli ambacho mimi sikijui."

Gladness alifikiri. Kilikuwepo kimoja, na hakuwahi kumwambia mtu. "Kuna siku tulikuwa tumelala," alisema, "akaniuliza kwa nini wewe huitwi Mama Gladness wakati mimi ndiye mkubwa. Nikamwambia akauulize mtaa. Akakaa kimya, nikadhani amelala. Kumbe anafikiri. Akasema basi tukugawane. Jumatatu mpaka Jumamosi uwe Mama Noeli, Jumapili uwe Mama Gladness. Nikamuuliza mbona ananipunja, mimi siku moja tu. Akasema Jumapili huuzi chapati, kwa hiyo yeye hapati hasara."

Mama alicheka mpaka akakaa juu ya dumu la maji. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa upande wa kanga, akaendelea kucheka. "Mtoto yule," alisema. "Mtoto yule alikuwa mfanyabiashara."

"Nilikasirika," alisema Gladness. "Nikamgeuzia mgongo."

"Yeye alishalisahau kabla hajapiga miayo." Mama alimvuta binti yake, akamkalisha karibu naye. "Ungenisimulia hii siku ile chai ilipomwagika."

"Niliogopa utaumia."

"Ningeumia. Lakini ningeumia nikiwa na wewe." Mama alimtazama, na Gladness alijua kwamba anatazamwa yeye, si ukuta ulio nyuma yake. "Nisikilize, mwanangu, na mimi pia najisikiliza, kwa sababu nami nilificha. Ukiona mtu wako anaumia, usimkisie dawa, na usimfiche kama aibu. Muulize. Akishindwa kujibu, mtafute mtu mzima umwambie ukweli, hata kama ukweli wenyewe unakuumbua. Siku ulipokimbia bila viatu kwenda kwa Mama Ludovick, ndiyo siku uliyoniokoa. Zile siku nyingine zote tulikuwa tunazama pamoja, kila mtu kwenye chumba chake."

Mteja akaita kutoka barabarani kwamba amechelewa. Mama aliinuka, akamwambia chapati yake imeshachukuliwa na mwanamume mwenye nidhamu.

Jumapili walikwenda kanisani wakiwa wawili, kwa kuwa baba alikuwa safarini. Kwenye njia ya kanisa Mazengo alipunguza mwendo wa pikipiki, akainua mkono. "Mama Noeli, za Jumapili?"

Mama alisimama katikati ya njia, akakishika kiganja cha Gladness. "Nzuri, Mazengo," alisema. "Lakini leo ni Jumapili. Leo mimi ni Mama Gladness."

Mazengo alizima pikipiki kabisa. Aliwatazama, akajishika kichwa, akauliza na kesho je, maana yeye ni mtu wa kazi, hawezi kila siku kuanza upya. Mama akamwambia aje mezani asubuhi, ataelezwa na chai juu. Gladness alitaka kucheka, akajikuta analia, na mama hakumwambia anyamaze. Alimpa pembe ya kanga yake ajifute, wakaingia kanisani wakiwa wamechelewa.